Chungu Kinachosinyaa

Busia, upande wa Uganda. Jumatano, mwezi wa nane, mvua.

Ni ile mvua ya rasharasha isiyojua kama inakuja au inaondoka. Wateja hawaonekani. Hakuna mzazi wa kuleta mtoto apimwe sare ya shule katika matope haya, na hata angekuja ningempima vibaya. Nimefunga bawa moja la mlango, nimeketi nyuma ya cherehani, na badala ya kushona naandika.

Jana nilirudi kutoka Kwapa, kijijini kwetu, kwenye msiba wa kaka yangu Etyang.

Nilitaka kuupamba mstari huo kidogo, kama ninavyoongeza lesi kwenye gauni lililokataa kukaa vizuri. Nimekosa lesi.

Huko nimesikia sentensi moja kutoka kila mdomo, hata midomo ya watu ambao hawakumjua: pombe ilimmaliza. Ilisemwa kanisani kwa upole, ikasemwa jikoni kwa kunong'ona, ikasemwa chunguni na watu waliokuwa wakiivuta pombe hiyo hiyo. Mimi nilinyamaza. Nitasema hapa, maana wasomaji wa blogu hii ni wachache na mmoja wao ni mimi.

Nianze na kazi yake, kwa sababu kila kitu kilitoka humo.

Kaka alikuwa fundi wa mirija ya ajono. Kwa asiyetoka kwetu: ajono ni pombe ya wimbi, yaani ulezi. Chungu kimoja huwekwa katikati, maji ya moto humiminwa, watu hukaa kwa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu kutoka kitini hadi chunguni. Pombe yenyewe ina makapi mengi, kwa hiyo kila mrija una kichujio nchani. Unavuta pombe, makapi yanabaki. Mrija mzuri ni mwepesi, umenyooka, na kichujio chake kimesukwa kwa nyuzi za kubana ila si za kukaba. Etyang alikuwa akikata mmea mmoja unaotambaa ulio wazi ndani, anaunyoosha juu ya moto, kisha anasuka kichujio akiwa ameng'ata uzi, huku akikusema wewe na ukoo wako wote bila uzi kumtoka mdomoni.

Adui yake alikuwa plastiki. Siku hizi watu hununua mipira myembamba sokoni hapa Busia, wanaikata, wanafunga kitambaa nchani, wanakunywa. Kaka akimwona mtu na mpira wa namna hiyo alikuwa anamuuliza kama amekuja kunywa au kumwekea chungu dripu.

Na alikunywa. Sikatai. Fundi wa mirija asiyekunywa ni kama fundi cherehani anayetembea uchi. Alikunywa miaka mingi, mpaka mwaka huu tumbo likamkamata siku moja shambani, akajikunja kwenye mihogo kama mtu aliyepigwa teke. Hospitalini tukaambiwa kongosho limevimba, na kwamba pombe ndiyo iliyoliamsha. Hilo nimelikubali mbele ya kila aliyeniuliza. Pombe ilianza.

Ila pombe haikumaliza.

Baada ya maumivu ya kwanza kutulia, tumbo lilianza kujaa. Alikuwa akila vijiko viwili, anatapika. Upande wa juu wa tumbo ulikuwa mgumu kama boga. Picha ikaonyesha mfuko wa maji uliokusanyika nyuma ya tumbo la chakula, umejijengea ukuta wake, unakandamiza kila jirani. Tukaambiwa twende hospitali kubwa ng'ambo ya Kenya, ambako wana mpira wenye kamera wa kupitishia mdomoni.

Mpakani askari akatuuliza tumebeba nini. Kaka alikuwa amejikunja kwenye kiti cha gari, lakini alijibu.

"Maji. Ila iko ndani, hutaweza kukagua."

Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya mtu aliyelala kidogo. Alituonyesha picha, kisha akafungua droo na kutoa mifano miwili akaiweka mezani mbele ya mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akipima mirija. Hakujua alichofanya.

Wa kwanza ulikuwa wa plastiki, mwembamba kama unyasi, umejikunja ncha zote mbili kama mkia wa nguruwe ili usichopoke. Wa pili ulikuwa wa chuma, wavu wa nyuzi za chuma, mfupi, mpana, una kingo zilizotandaa pande zote mbili. Mimi niliona bobini kubwa ya cherehani. Kaka aliushika ule wa chuma, akauelekeza dirishani, akachungulia.

"Daktari, hii mrija yako iko bila kichujio."

"Hatutaki kichujio, mzee. Kule kwenye chungu mnavuta pombe mnaacha makapi. Mimi nataka makapi yatoke pia."

"Basi wewe hujui kunywa," kaka akamwambia, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

Halafu akatueleza kwa utulivu, na mimi nikawa namgeuzia kaka kwa Kiteso pale Kiswahili kilipokuwa kinamwacha nyuma. Angetoboa tundu dogo kutoka ndani ya tumbo la chakula hadi kwenye ule mfuko, na mrija ungekaa hapo katikati ili uchafu umwagikie tumboni na kwenda njia ya chakula. Kama mfuko ungekuwa na maji matupu, alisema, angeweka ya plastiki miwili au zaidi na asingewaza sana. Hiyo haina haraka, inaweza kukaa miezi. Lakini picha ya kaka ilionyesha vipande vya nyama iliyokufa vinaelea. Vipande huziba mrija mwembamba. Wa chuma una njia pana, na vikikataa kutoka, kamera yenyewe inaweza kupita humo ndani kwenda kuvifuata.

Kaka alikuwa ameshaamua tangu aliposikia neno plastiki. Alinigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Nimesema nini miaka yote?"

Kisha daktari akainua kidole. Naukumbuka ule mkono: kucha fupi, kalamu imebanwa kati ya vidole vingine.

"Huu wa chuma hausahauliwi. Usizidi wiki nne. Ukipona, unarudi nautoa. Usipopona, unarudi nautoa."

Kaka akauliza kwa nini mtu atoe kitu kinachofanya kazi. Daktari akasema mfuko ukishamwagika unasinyaa, ukuta wa nyuma unasogea mpaka unagusa chuma, na kwenye ukuta huo kuna mishipa ya damu. Nikamgeuzia neno kwa neno. Kaka akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia hotuba ya mgombea.

Niliona kile kichwa. Ninakijua. Lakini kulikuwa na karatasi za kutia sahihi, nikazishughulikia hizo.

Wakati wa kurudi, mrija ukiwa umeshawekwa, askari alikuwa yule yule. Kaka akamwambia maji tumeyaacha Kenya, ila tumenunua chuma, na kama kuna ushuru aulizwe daktari.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mimi niliishia darasa la saba, lakini simu haikuniomba cheti. Kila mteja akitoka, ninasoma. Nilijifunza kwamba madaktari wakubwa wa kazi hiyo nao wanabishana juu ya mirija, kama wauza vitenge wanavyobishana juu ya rangi isiyochuja. Mmoja anasema chuma hukausha mfuko upesi. Mwingine anasema subiri, hesabu yote ikifika mwisho, chuma na plastiki hutembea karibu bega kwa bega, na tofauti iko kwenye kilichomo ndani: maji au makapi. Plastiki huziba, plastiki huteleza. Chuma kikikaa mno huzama kwenye nyama, au hukwaruza mshipa. Wapo wanaopitisha mrija wa plastiki katikati ya ule wa chuma ili kingo zisichome ng'ambo ya pili. Hilo sikumwambia kaka. Angeona tumemtia aibu mwilini.

Kwa akili yangu ya kushona nikaiweka hivi: plastiki ni mgeni mwenye subira, anakaa kona yake hata miezi. Chuma ni kibarua. Anafanya kazi ya wiki kwa siku moja, lakini akimaliza mfungulie mlango, la sivyo ataanza kubomoa nyumba.

Nilijiona nimeandika kitu cha maana. Nilikisoma mara mbili.

Kaka akapona upesi mpaka ikawa kama uchawi. Boga likaondoka tumboni. Alikula atap, ugali wetu wa wimbi, na samaki, akaomba tena. Wifi yangu Nyafwono, mke wake, Mpadhola asiyecheka ovyo, alinipigia simu kunisikilizisha tu jinsi anavyotafuna. Akarudi kwenye moto wake na mirija yake. Daktari alikuwa amemkataza pombe, hata tone, na kila mtu Kwapa alikuwa akingoja kuona atadumu hadi lini. Nami nilikuwa nangoja pamoja nao, tena mstari wa mbele.

Tarehe ya kurudi ikafika. Nyafwono akasema kaka ana oda kubwa. Kwa jirani yao, Mzee Omuse, kulikuwa na sherehe ya kumaliza matanga ya mkewe, na vyungu vingekuwa vingi, na Omuse alikuwa ameapa hakuna mpira wa Busia utakaoingia kwake siku hiyo. Mirija yote kwa Etyang. Sifa ya namna hiyo fundi haikatai kwa sababu ya chuma kidogo asichokisikia tumboni.

Tarehe ikapita. Nikapanda kwenda Kwapa.

Nilimkuta ameketi mbele ya moto, mrija mmoja mkononi, anauzungusha polepole juu ya makaa, jicho moja limefumbwa. Mingine ilikuwa imeegemezwa ukutani kama mikuki ya jeshi lenye kiu.

"Kaka, tarehe ya daktari imepita."

"Imepita, mimi nimebaki. Nani mshindi?"

Nikamwambia alichosema daktari. Nikamwambia nilichosoma. Nikamwambia habari ya kibarua na mlango, ile niliyojisifia. Akaendelea kuzungusha mrija.

"Amoit, sikiliza. Mtu haondoi mrija chunguni wakati watu bado wamekaa. Anayeondoa mrija ni yule anayeaga. Mimi siagi mtu."

"Humo ndani hakuna pombe, kaka. Chungu kinasinyaa."

Akacheka mpaka akauweka mrija chini. "Mimi nimekaa chunguni tangu sijaota ndevu. Nimeona vyungu vinavyovuja, nimeona vinavyopasuka, nimeona kimoja kilichoibwa na pombe yake. Dada yangu, wewe ulishaona chungu kinasinyaa?"

Sikuwa nimeona. Hakuna aliyewahi kuona. Maisha yake yote alikuwa amekata mirija kwa ajili ya vyombo vya udongo, na udongo hausogei. Unaweza kuvuta chungu hadi tone la mwisho, ukuta wake unabaki palepale unakutazama. Alikuwa anaijua kazi ya mrija kuliko mtu yeyote Tororo, na ndiyo maana hakunisikia. Asiyejua chochote angemwogopa daktari, angerudi.

Nikachukua kaveera, kile kifuko chepesi cha plastiki cha kutilia sukari, jikoni kwa Nyafwono. Nikaijaza maji. Mkobani mwangu bobini hazikosekani, kwa hiyo nikachukua moja, nikaifunga kwa uzi kwenye mdomo wa kaveera, ukingo mmoja ndani, ukingo mmoja nje, tundu katikati. Nikaigeuza juu chini mbele ya macho yake.

Maji yakaanza kutoka kwenye tundu la bobini, yakamwagikia majivu. Kaveera ikalegea. Ikajikunja. Halafu ule upande wa nyuma, uliokuwa mbali kabisa, ukaja taratibu, ukaja, ukajibandika kwenye ukingo wa bobini. Nikaitikisa kidogo. Chuma kikatoboa.

Kaka hakucheka. Aliichukua ile kaveera mkononi, akaweka kidole palipotoboka.

"Hapa ndipo kuna mshipa?"

"Hapo."

Alikaa nayo. Mrija aliouweka chini ulikuwa umeanza kuungua ncha na hakuuona, na mimi sijawahi kumwona kaka akiunguza mrija.

"Mbona hamkuniambia hivi siku ile?"

"Daktari alikwambia. Na mimi nikakwambia."

"Mliniambia kwa mdomo," akasema.

Nikamwambia twende kesho. Akatazama jeshi lake ukutani. Alisema hawezi kumwacha Omuse amalize matanga na vyungu visivyo na mirija, wageni watoke Masaba na Buhehe waje kutazamana. Jumamosi ni sherehe. "Jumatatu mimi nakwenda na wewe. Unipeleke, nitolewe hii kitu, hata kama ni kwa koleo."

Nilibishana, lakini si sana. Alikuwa amekubali, nami nilikuwa nimechoka kwa furaha ya kukubaliwa. Jumatatu ilionekana karibu.

Jumamosi nikaenda kwa Omuse. Kulikuwa na jua, kulikuwa na mahema, na watu walikuwa wamekaa duara kwa duara. Nilipeleka kitambaa nilichomshonea Mzee, nikasalimia, nikamtafuta kaka kwa macho.

Alikuwa kwenye duara la wakubwa, kitini pake. Mrija wake ulikuwa chunguni. Ncha ya pili ilikuwa mdomoni mwake, na mashavu yalikuwa yamebonyea kama ya wenzake.

Nilisimama pale nimeshika sahani niliyopewa. Aliniona. Hakuutoa mrija mdomoni wala hakuona haya. Alinikonyezea jicho.

Ningeweza kwenda pale. Desturi ya kwetu hairuhusu ugombane na mtu chunguni, lakini desturi nimeivunja kwa mambo madogo kuliko hilo. Niliweka sahani chini kabla ya kula, nikarudi Busia. Njiani nilikuwa napanga maneno ya Jumatatu. Niliyapanga vizuri sana, makali, yenye mizani. Nilisema moyoni: sawa, Jumatatu nitampeleka mlevi wangu.

Jumapili mchana Nyafwono akapiga simu. Alisema damu. Alisema inatoka mdomoni na inatoka chini, na kaka anaulizia gari kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayekwenda sokoni. Wakamkimbiza hospitali ya Tororo. Wauguzi walikimbia naye wakiwa wameshika machela pande zote, Nyafwono anasema hajawahi kuona watu wanakimbia hivyo kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Mimi nilipofika alikuwa ameshafunikwa.

Nilimpigia daktari wa ng'ambo. Akasema bila kumwona hawezi kuapa, lakini ndivyo inavyokuwaga: mfuko umekauka, chuma kimefika kwenye mshipa. Akauliza alikuwa amepanga kurudi lini. Nikasema kesho.

"Pole, mama," akasema. Kisha akarudia, "Pole sana."

Tukazika. Na ile sentensi ikaanza kutembea. Wapo walioniona Jumamosi nimeondoka na uso ule, wakajua nimeona walichoona. Duara zima lilimwona na mrija mdomoni, na kesho yake akafa akitapika damu. Hiyo ni hesabu rahisi, hata mimi niliijumlisha. Kanisani padri aliposema tusihukumu, nilikuwa nimeinamisha kichwa na nimeshahukumu.

Sasa jana.

Jana wazee waliweka chungu nyumbani kwa kaka, wa ukoo na majirani wa karibu tu, kumshukuru aliyeondoka na kupanga mambo ya nyumba yake. Kiti chake kilikuwa wazi. Mrija wake ulikuwa umechomekwa kwenye paa, pale anapouweka siku zote. Mzee Omuse akaushusha, akaupangusa kwa kiganja, akanipa.

"Mwanangu, vuta kidogo kwa niaba yake, halafu tuuweke. Ndugu yako alikuwa mtu. Pombe imetuchukulia mtu."

Nikakaa kitini pa kaka. Nikatia mrija chunguni. Nikavuta.

Hakuna kitu.

Nikavuta tena, kwa nguvu, mpaka masikio yakauma. Duara likaanza kucheka kwa upole, kile kicheko cha msibani kinachoomba ruhusa. Mtu akasema makapi yameziba. Mwingine akasema hata maiti ni mchoyo. Nikautoa, nikageukia pembeni, nikavua kichujio kama kaka alivyonifundisha nilipokuwa mdogo, kwa kukizungusha wala si kukivuta.

Hakukuwa na kapi hata moja. Kulikuwa na nta ya nyuki. Ilikuwa imesukumwa ndani ya mrija pale nchani ikaziba tundu lote, imesawazishwa vizuri kabisa, na juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba. Nilipouelekeza upande wa mdomoni kwenye mwanga, ndani ulikuwa mweupe, mkavu, mpya. Haukuwahi kupitisha pombe tangu ukatwe.

Nilirudisha kichujio. Nikasema, "Umeziba," na ilikuwa kweli. Wakanipa mwingine.

Jikoni nilimwonyesha Nyafwono. Hakushangaa. Alikuwa anaosha vikombe na aliendelea kuosha.

"Aliutengeneza siku aliyotoka hospitali," akasema. "Nilimwambia, si ukae nyumbani tu? Akasema mtu asiye na mrija hana kiti. Na akasema akienda na mrija ulio wazi, atavuta, anajijua. Basi akauziba."

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Alisema wewe atakuonyesha mwenyewe Jumatatu, njiani. Alisema utacheka mpaka mpakani."

Kumbe lile jicho alilonikonyezea lilikuwa mwanzo wa mzaha. Alikuwa ameuweka mzaha huo akiba kwa ajili yangu, na mimi nikaenda zangu.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado linanizunguka. Kaka alitii kila alichokielewa. Alielewa pombe, kwa hiyo aliishinda, tena kwa ufundi wake mwenyewe, bila kumwambia mtu, mbele ya chungu kilichojaa. Kile ambacho hakikuwa na mfano kwenye mikono yake kilichelewa kumwingia. Mrija mmoja aliuziba akapona ulevi. Mwingine alitakiwa autoe, na kabla ya Jumatatu ukuta ulikuwa umeshafika.

Laiti angekuwa na maji matupu, wangemwekea ule wa plastiki, ule alioutukana. Ungekaa humo ukimngojea amalize oda zake zote. Lakini angekuwa na maji matupu asingekuwa na makapi, na asingekuwa na makapi asingekuwa Etyang. Nimeifikiria njia hiyo mara nyingi, na kila mara inanirudisha hapa hapa, nyuma ya cherehani.

Mvua imekatika. Mama mmoja amechungulia, ameona uso wangu, amesema atarudi.

Nimerudi na mrija ule. Nyafwono alinipa bila kuniuliza, akaufunga kwa kanga kuukuu ili usivunjike njiani. Sasa umelala hapa mezani kando ya bobini, mrefu kuliko meza, ncha imetokeza nje.

Ipo siku tutamaliza matanga yake. Vyungu vitawekwa, watu watatoka Masaba na Buhehe, watakaa duara kwa duara, na wengi watakunywa kwa mipira ya plastiki kwa sababu aliyetengeneza ile mingine hayupo. Nitakwenda na huu. Nitakaa kitini pake, nitangoja, na sitagombana na mtu. Yule wa kwanza atakayesema pombe ilimmaliza Etyang, nitampa mrija huu kwa mikono miwili, kwa heshima zote za kwetu, na nitamwambia neno moja tu.

Vuta.